Mtoto mpole asisahauliwe

(Mazungumzo na wazazi na walezi, siku ya kupima uzito wa watoto)



Hapa kwenye mizani mara nyingi mama husema: "Wangu hana taabu, ni mpole, halii." Majirani humsifu. Sisi wahudumu, huyo ndiye tunayemtazama mara mbili. Mtoto mwenye njaa ya siku nyingi, au asiyejibiwa anapoita, mwisho huacha kuita.

Mtoto huzungumza kabla ya kujua maneno. Aliyezaliwa jana huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, yaani kutoka titi hadi uso wa mama. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 huanza kutabasamu akiona uso. Akisema "aa", nawe sema "aa", kisha nyamaza umngoje. Atajibu. Jambo hili halitaki pesa. Lifanye ukimnyonyesha, ukimwosha, ukiwa kwenye foleni ya maji, kwa lugha yoyote ya nyumbani.

Wengine huogopa kwamba mtoto wa miezi 2 akibebwa kila anapolia atadeka. Umri huo hajui kudeka. Lakini hasira ikikupanda, mlaze mahali salama, mwite jirani. Usimtikise kamwe, ubongo wake utaumia.

Akifika miezi 8 hivi huanza kulia akichukuliwa na mgeni. Si uchawi wala jeuri: amewajua watu wake. Basi ukienda kutafuta kuni, mwache na mtu yule yule kila mara.

Mama aliyefiwa njiani kutoka Kivu anaweza kukosa hata nguvu ya kumtazama mwanawe. Hatumlaumu. Baba, shangazi au bibi ashike zamu ya kumchezesha mtoto, na mama mwenyewe aje tuzungumze naye faraghani.

Na ninyi mliolazwa na watoto wenye utapiamlo, msishangae tukileta vikombe na vifuniko wavigonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 uliweka mchezo wa dakika 15 hadi 30 kila siku kuwa sehemu ya matibabu, pamoja na maziwa ya tiba.

Mtoto wa miezi 3 asiyetabasamu, asiyefuata uso kwa macho, au asiyeshtuka kwa kelele, mleteni na kadi yake. Msingoje siku ya mizani.