Tusiuze Historia kwa Mizani ya Vyuma Chakavu

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu wa ufundi na watumishi wa umma.)



Mada niliyopewa leo ni historia ya zana za ufundi zinazoendeshwa kwa mota, pamoja na matrekta madogo ya bustani, na kazi ya kuzikusanya na kuzihifadhi zilizo kuukuu. Natambua kwamba wapo miongoni mwetu wanaojiuliza: vyuma hivyo vya zamani vina faida gani kwa watu wenye shule za kujenga na mashamba ya kulima? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu. Lakini kabla ya hapo sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya kufuta mali chakavu katika kituo kimoja cha kazi. Uani palikuwa na trekta dogo la magurudumu mawili, lile ambalo mwendeshaji wake hutembea nyuma yake akishika usukani mfano wa ule wa baiskeli. Kando yake palikuwa na keekee mbili za umeme zenye mwili wa chuma. Hatukuuliza zilitoka wapi, nani alizitumia, wala ziliharibika kwa sababu gani. Tulitia sahihi, na mnunuzi akaja na mizani yake. Hazikupita wiki nyingi akatujia mkulima mmoja mkononi ana gia iliyovunjika meno. Trekta lake lilikuwa la aina ileile. Fundi wetu akamwambia kuwa angeweza kumchongea nyingine, ilimradi apate nzima ya kuigiza. Gia nzima ilikuwapo, ila sisi tulikuwa tumeiuza kwa kilo. Mkulima yule akarudi kwake na gia yake mbovu, na msimu wa kulima ulikuwa umekwisha kuanza. Sahihi yangu imo katika karatasi ile hadi leo.

Ndugu zangu, tangu siku ile nilianza kusoma habari za mashine hizi, nikagundua kwamba nilikuwa nimeuza kitu nisichokijua.

Tuanze na keekee. Kwa karne nyingi seremala na mhunzi walitoboa kwa nguvu za mikono yao. Mwaka 1889, huko Melbourne, Australia, watu wawili, Arnot na Brain, walipewa hataza ya keekee ya umeme. Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya mji wa Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza keekee ya umeme iliyoweza kubebwa mikononi. Ilikuwa hatua kubwa, lakini chombo chenyewe kilikuwa kizito, na kukitawala kulikuwa taabu. Mabadiliko makubwa yalitoka Baltimore, Marekani, ambako Duncan Black na Alonzo Decker walifungua karakana ndogo mwaka 1910. Wao walikipa chombo kile mpini mfano wa bastola, na swichi ya kubonyeza kwa kidole cha shahada. Hataza yao ilitolewa mwaka 1917. Tazameni keekee yoyote iliyomo katika karakana zenu leo: umbo lake ni lilelile. Zaidi ya miaka 100 imepita, na mkono wa fundi bado unashika wazo la watu wale wawili.

Sasa tuingie shambani. Mwaka 1912 kijana mmoja wa Australia, Arthur Clifford Howard, alikuwa katika shamba la baba yake huko Gilgandra, New South Wales. Aliona kwamba plau ya kawaida huigandamiza ardhi huku ikiilima. Akachukua nguvu ya injini ya mvuke ya shambani, akaifanya izungushe visu ndani ya udongo. Mwanzoni visu vyake vilirusha udongo kando. Hakukata tamaa. Alipunguza ukubwa wa mtambo wake, akavikunja visu kwa umbo la herufi L, na tatizo likaisha. Mwaka 1922 alianzisha kampuni Australia, na mwaka 1938 akafungua kiwanda Essex, Uingereza. Mashine yake iliitwa Rotavator. Walimu wa lugha watafurahi kujua kwamba jina hilo husomeka vilevile ukianzia mbele au nyuma.

Wakati huohuo, katika jimbo la West Virginia, Marekani, alikuwapo mpiga picha aitwaye Benjamin Gravely. Huyu hakuwa mhandisi. Alichoka kupalilia bustani yake kwa mkono, akachukua vipande vya pikipiki kuukuu na plau ya kusukuma, akaviunga vikawa trekta la gurudumu moja. Hataza yake ni ya mwaka 1916. Naye Konrad von Meyenburg wa Uswisi alikuwa amekwisha kubuni mashine ya kutifua udongo kwa makucha yanayozunguka. Mashine za Uswisi zilifika Japani katika miaka ya 1920, na mafundi wa Okayama wakazibadili ili zifae katika majaruba ya mpunga. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni kubwa za Japani ziliingia katika kazi hiyo: Kubota mwaka 1947, na Honda mwaka 1959.

Kwa nini nayasimulia haya mbele yenu? Kwa sababu mjukuu wa mashine hizo tunamjua sana. Ndiye huyu tunayemwita pawatila. Chini ya azimio la Kilimo Kwanza la mwaka 2009, halmashauri zetu zilihimizwa kuyapeleka matrekta haya madogo kwa wakulima. Mahali penye majaruba ya mpunga yalifanya kazi ya kusifika. Lakini palipo na ardhi kavu na ngumu mengi yalishindwa, yakaegeshwa chini ya miti. Wapo waliosema kwamba mashine ni mbovu. Ukweli ni kwamba chombo kilichokomaa katika tope la mpunga kilipelekwa kupasua udongo mgumu wa nyanda kame. Aliyejua nasaba ya chombo hicho asingeshangaa.

Wala hilo halikuwa fundisho la kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Kongwa ikawa mahali pa mwanzo. Yaliletwa matrekta mengi, mengine yakiwa masalio ya vita. Yalikuwapo hata yale yaliyoitwa Shervick, ambayo yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji, na mchanga wake mkali ulikula vyuma vya plau. Mwaka 1951 mpango ule ukaachwa, baada ya kugharimu mamilioni ya pauni. Chuma kimoja cha plau kilicholiwa na udongo ule, kikiwekwa juu ya meza darasani na maelezo yake, kingeweza kumfundisha mwanafunzi somo ambalo kurasa 20 za kitabu haziwezi kulifikisha.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mashine kuukuu ni shahidi. Hueleza tulijaribu nini, tulifaulu wapi, na tulikosea wapi. Taifa linalowafukuza mashahidi wake hulazimika kulipia kosa lilelile mara mbili.

Wenzetu wa nchi nyingine walilitambua hilo mapema. Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, kilianzisha makumbusho ya maisha ya vijijini mwaka 1951, wakati trekta lilipokuwa likiondoa farasi mashambani. Uingereza na Marekani wapo pia raia wa kawaida, wengine mafundi waliostaafu, ambao hukusanya matrekta ya bustani na keekee za zamani. Huzifufua, huzionyesha hadharani, na hupeana vipuri na vitabu vya maelekezo. Simwambii mtu aige kila jambo lao. Wapo miongoni mwao wanaopaka rangi mpya inayong'aa hata kufuta alama zote za kazi, na kwa kufanya hivyo humziba shahidi mdomo. Mpini uliolika kwa viganja vya wafanyakazi ni sehemu ya historia. Hauna haja ya kupakwa rangi.

Basi sisi tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, kabla ya kamati yoyote kufuta mali, kila mashine ya zamani iandikiwe karatasi yake: jina la kiwanda, namba iliyo kwenye bati, mwaka iliponunuliwa, kazi iliyofanya, na sababu ya kuharibika. Bati la namba ni cheti cha kuzaliwa, lisibanduliwe.

Pili, katika kila aina ya mashine tubakize moja. Ikaushwe mafuta ya tangi, matone machache ya oili yatiwe ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, injini izungushwe kwa mkono, kisha iwekwe mahali pasipovuja. Hata ikiwa haitafanya kazi tena, itakuwa kiolezo cha fundi anayetaka kuchonga kipuri.

Tatu, tuwaendee wazee waliozitumia. Mwanafunzi wa ufundi apewe kazi ya kumhoji dereva au fundi mstaafu, na kuyaandika maneno yake. Chuma kinaweza kungoja miaka 50. Mzee hangoji.

Nne, tuhifadhi kwa hadhari. Keekee ya zamani yenye mwili wa chuma humtegemea waya mmoja tu wa kupeleka umeme ardhini. Waya huo ukikatika, chombo kinaweza kuua. Kwa hiyo keekee za namna hiyo zitazamwe tu, zisichomekwe kwenye umeme. Vilevile vitambaa vya klachi na breki za zamani aghalabu vina asbesto; visikwanguliwe wala visipulizwe vumbi lake.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba kila chuma kibaki uani mpaka nyasi zikifunike. Karakana si jaa, na vyuma vingi ni haki yake kuyeyushwa vikawa nondo za kujengea. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo ufanywe na watu wanaojua wanauza nini. Kalamu ya mtumishi wa umma ni nyepesi, lakini inaweza kufuta kwa dakika moja kazi ya akili na mikono ya miaka mingi. Mimi niliitumia bila kuuliza. Nawaomba ninyi muulize kwanza, ndipo mtie sahihi.