Ufunguo Umebaki Ndani: Kompyuta ya Majaribio Inapopoteza Mtandao Baada ya Kusasishwa

Mada kwa semina ya walimu wa kompyuta na makatibu wa vyama vya msingi, Litumbandyosi, Mbinga



Mfumo endeshi wa majaribio ukisasishwa usiku, asubuhi kompyuta ikaamka haina mtandao, hitilafu yenyewe mara nyingi ni ndogo, mstari mmoja tu katika faili moja. Kinachoumiza ni kwamba kila dawa yake iko mtandaoni: maelezo, draiva, kifurushi kilichorekebishwa. Ni kama mtu aliyejifungia nje, funguo ziko mezani na anaziona dirishani. Aliye Dar es Salaam huazima kompyuta ya jirani, mambo yakaisha. Sisi huku jirani mwenye kompyuta ndiye huyo huyo aliyekuja kuomba yako.

Nitazungumzia Debian, kwa sababu ndiyo ninayoitumia. Ilianzishwa na Ian Murdock Agosti 1993, na matoleo yake hupewa majina ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Tawi lake lisilo thabiti, ambamo vifurushi vipya huingia kila siku, linaitwa sid, jina la yule mtoto wa jirani anayevunja midoli. Waliolipatia jina hawakumficha mtu.

Mtaniuliza mwalimu wa kijijini anatafuta nini huko. Ninatafuta Kiswahili. Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, tunajua kwamba menyu za kompyuta zinaweza kusema lugha yetu. Lakini tafsiri mbovu ukiikuta kwenye toleo rasmi umeshachelewa. Debian hutoa toleo jipya kila baada ya miaka miwili hivi, na kosa hilo utakaa nalo muda wote huo. Anayetaka kulisahihisha mapema lazima akae kule vitu vinakovunjika.

Sasa kisa. Toleo la 12 lilikuwa bado linaandaliwa. Nilinunua bando la usiku, nikaunganisha laptop na simu kwa Wi-Fi, nikaamuru isasishwe, nikalala. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri. Alama ya Wi-Fi ilikuwepo, imejaa. Nikafungua ukurasa: kimya. Mwingine: kimya.

Nikalaumu mnara. Huku kwetu mnara ndiye mshtakiwa wa kwanza, na si mara zote anaonewa. Nikapanda kilimani na laptop kwapani, wanafunzi wawili nyuma yangu wamebeba simu na matumaini. Nikanunua vocha nyingine, maana labda bando limeisha. Siku mbili zilipita hivyo. Siku ya pili jioni mmoja wa wale vijana akasema kwa adabu, "Mwalimu, mbona ujumbe wa WhatsApp unaingia?" Kweli, simu ilikuwa inatetema mkononi mwangu, nami bado naulaani mnara.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikauliza maswali kwa utaratibu, na utaratibu huo ndio ninaotaka mwondoke nao. La kwanza: kadi ya mtandao inaonekana? Andika ip link, utaona orodha. Yangu ilikuwepo. La pili: imepewa anwani? Andika ip addr. Simu ilikuwa imeipa anwani bila shida. La tatu: namba ya mashine iliyo mbali mtandaoni inafikika? Nikaandika ping 8.8.8.8, na majibu yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa. La nne: jina linafikika? Nikaandika ping deb.debian.org. Kompyuta ikajibu kwamba jina limeshindwa kutafsiriwa.

Basi mtandao ulikuwepo siku zote mbili. Kilichokufa ni huduma ya majina, yaani DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Nilikuwa nimewasha mwenyewe, miezi mingi nyuma, programu iitwayo systemd-resolved ifanye kazi hiyo. Katika matayarisho ya toleo la 12 programu hiyo ilitengwa ikawa kifurushi peke yake, na kusasisha hakukukileta kifurushi hicho kipya. Faili /etc/resolv.conf, ambalo ndilo kompyuta husoma kujua imuulize nani majina, kwangu lilikuwa kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili la programu iliyokwisha kuondoka. Ni sawa na kibao cha njiani kinachokupeleka kwenye duka lililohama. Maelezo rasmi ya toleo la 12, lililotoka Juni 2023, yanalitaja jambo hili waziwazi. Mimi sikungoja maelezo.

Tiba ilikuwa dakika tatu. Nilifuta kile kiungo, nikaandika faili jipya lenye mstari mmoja, nameserver 1.1.1.1, nikahifadhi. Majina yakarudi. Kisha nikasakinisha kifurushi kilichokosekana. Siku mbili, vocha mbili na mlima mmoja, kwa mstari mmoja.

Maswali yale manne yana faida kwamba kila moja likijibiwa "hapana" linakupeleka mahali pake. Kadi isipoonekana kabisa, kwa kawaida kerneli mpya (kiini cha mfumo endeshi) imekosa draiva au programu ndogo inayopakiwa ndani ya kadi. Amri ya dmesg itakutajia faili linalotafutwa. Waliotoka toleo la 11 kwenda la 12 wajue kwamba programu hizo ndogo zilipewa fungu lao jipya, non-free-firmware, na asiyeliongeza kwenye orodha yake ya vyanzo hatapata mapya yake. Au kadi ipo lakini imebadilishwa jina: mwaka 2013 systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, ilikuja na utaratibu wa majina kama enp2s0 badala ya eth0, na mipangilio iliyoandikwa kwa jina la zamani inabaki inamwita mtu asiyekuwepo.

Kerneli ikiwa ndiyo mkosaji, usihangaike. Zima, washa, na kwenye menyu ya GRUB inayotokea mwanzoni chagua kerneli ya zamani, Debian huiacha. Wi-Fi ikigoma kabisa, chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha mtandao kwa USB. Mara nyingi kompyuta huiona simu kama kadi nyingine, na mlango wa dharura unafunguka.

Lakini matibabu yote haya ni nusu ya mada yangu. Nusu nyingine, ambayo kwangu ni kubwa zaidi, ni ya jioni ile kabla hujasasisha. Pakua usiku, sakinisha mchana. Amri apt-get -d dist-upgrade hupakua bila kusakinisha, kwa hiyo bando la usiku linatumika ipasavyo, nawe unasakinisha betri ikiwa imejaa, macho yamefunguka. Umeme ukikatika katikati na mashine ikazimika, dpkg --configure -a humalizia kilichobaki. Sakinisha pia apt-listbugs. Itakuonyesha makosa makubwa yanayojulikana kabla hujakubali.

Tena tumieni apt-get, msitumie apt, kwa kazi hii. Apt ya kawaida ikimaliza kusakinisha hufuta vifurushi ilivyopakua. Apt-get huviacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Ninyi vijana wa steshenari mliofunga maduka siku ya mnada ili mje hapa mtalielewa hili haraka kuliko walimu: umelipia bando mara moja, ukanakili folda ile kwenye fleshi, kompyuta tano zikasakinishwa bila kununua hata megabaiti moja. (Wanafunzi huniuliza kila mwaka kama kifurushi cha programu na kifurushi cha simu ni kitu kimoja. Kwa mfuko wangu, ndiyo.) Fleshi hiyo iwe na vifurushi vya jana vilivyokuwa vinafanya kazi, si vya leo peke yake. Nyumbani kusikose fleshi hiyo. Ikibidi itoke Songea, kondakta ataileta hadi Kitai, na bodaboda ataimalizia akipishana na malori ya makaa ya mawe ya Ngaka.

Makatibu, kwenu nina neno moja na halina mjadala. Kompyuta yenye daftari la kahawa ya wakulima isiwekewe toleo la majaribio, hata kijana gani mwerevu akiwashawishi, hata akiwa mimi. Msimu ukifika na mizani imepangwa nje, mkulima hatakubali kuambiwa kwamba jina limeshindwa kutafsiriwa.

Kwa walimu ni tofauti. Mkiwa na mashine moja ya akiba, iwekeeni sid na muivunje mara kwa mara. Wengi wanaotengeneza mifumo hii hukaa kwenye mtandao usiokatika, na hawawezi kujua programu inafanyaje bando linapoisha ikiwa asilimia 80. Sisi tunajua kila wiki. Ripoti ya kosa ikitoka hapa ina jambo ambalo wao hawataliona kwao.

Laptop iliyo pale mezani karibu na birika ni ile ile iliyonipandisha mlima. Asubuhi nimelifuta faili lake la majina, na jambo jingine moja nimeliharibu ambalo sitalitaja. Fleshi iko pembeni yake, na waya wa USB. Baada ya chai tugawane watatu watatu. Kundi la makatibu lianze.