Mtoto Njiti na Kifua cha Mama

Ninyi wa Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli, ambako baridi ya Usambara hupenya hata katika nyumba iliyofungwa, leo tunamzungumzia mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati. Mafuta ya kumhifadhi mwilini ni haba; baridi ni adui yake. Hifadhi yake ni kifua cha mama.

Mama, kwa maelekezo ya muuguzi, mvue mtoto nguo, umwachie nepi, kofia na soksi. Mweke wima katikati ya maziwa, ngozi kwa ngozi, uso umeelekea upande ili apumue, kisha mfunge kwa khanga iliyokazwa, nawe uvae sweta juu yake. Hapo hupata joto, husikia moyo wako, hunyonya kwa wepesi, na upendo baina yenu hustawi. Njia hii ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za joto zilipokuwa haba. Ukichoka, baba ampokee kifuani; wala si aibu hata chembe.

Ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Akizaliwa nyumbani, mpelekeni hospitali akiwa kifuani vivyo hivyo. Akikataa kunyonya, akipumua kwa taabu, au mwili ukipoa, tafadhalini, msingoje kukuche.