Soja Akirudi Nyumbani, Ni Kazi ya Nani?

(Haya ni mazungumzo niliyotoa kwa kikundi cha vijana na wazee hapa Kithyoko. Nayaweka hapa kwa uzi mmoja. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunajadili hoja tu.)



Mimi nasomea sayansi ya siasa. Leo nataka tuchukue jambo moja ambalo hutajwa kwa midahalo kila msimu wa kura, tulifungue, tuone ndani kuna nini. Ni wanajeshi wastaafu na familia zao. Na sitaki tuanze na pensheni. Nataka tuulize: soja akirudi nyumbani na vita bado viko kichwani, nani anaketi naye? Na nani anaketi na mke wake?

Kwa nini tuulize hapa Kithyoko? Kwa sababu barabara yetu ndiyo inayoenda Garissa, na Garissa ndiyo njia ya mpakani. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikawa Kulbiyow. Serikali haikutangaza idadi ya waliokufa El Adde. Sasa fikiria wewe ni mzazi na unasubiri simu.

Na Ukambani jambo hili si geni. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wakamba walikuwa miongoni mwa walioandikishwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles. Walifika Ethiopia, Madagascar na Burma. Walirudi wakaambiwa wachukue jembe, maisha yaendelee. Wajukuu wao wanaambiwa hivyo hivyo.

Tuje kwa hoja zenyewe. Mdahalo wowote utakaosikiliza, utazikuta nne.

Hoja ya kwanza: "Ulinzi ni kazi ya serikali kuu, kaunti haihusiki." Nusu yake ni kweli. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeweka ulinzi kwa serikali kuu. Lakini jedwali hilo hilo limeweka zahanati na vituo vya afya kwa kaunti. Mtu akishavua sare, yeye ni mkazi wa kaunti. Usiku akishtuka na kupiga kelele, akivunja vyombo, familia haikimbilii wizara. Inakimbilia zahanati iliyo karibu. Hospitali kuu ya jeshi iko Nairobi, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Nauli ya kwenda kila wiki ni nani atalipa? Na ile Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa 2022 imezipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Kwa hivyo mgombea wa kaunti akikwambia "hiyo si yangu," mwambie asome tena.

Hoja ya pili: "Si wana pensheni?" Wanayo wale waliotimiza masharti. Lakini pensheni hulipa unga na karo. Haimfundishi mtoto kwa nini baba hataki kukaa na mgongo kwa mlango. Haimwambii mama afanye nini mume akianza kunywa kuanzia asubuhi. Bunge lenyewe lilikubali kwamba pesa pekee haitoshi, ndiyo maana 2022 tukapata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, inayowatambua wao pamoja na wanaowategemea. Afrika Kusini walitangulia: sheria yao ya 2011 inataja wazi ushauri nasaha na matibabu kwa wastaafu wenye kiwewe cha vita. Swali letu ni moja: sheria imefika kijijini ama imebaki Nairobi?

Hoja ya tatu: "Mbona wao wapewe upendeleo? Kuna polisi, kuna mama aliyepoteza mtoto, kuna dereva aliyeona ajali." Hii hoja naiheshimu. Ni kweli, maumivu hayana sare. Lakini jibu lake si kuwanyima wote. Jibu ni kujenga huduma ambayo mlango wake uko wazi kwa kila mtu, halafu tuhakikishe mle ndani kuna anayeelewa mambo ya soja. Mstaafu akisikia kuna kliniki ya "wagonjwa wa akili," hataenda. Akisikia kuna wenzake wanaokutana Jumamosi, pengine ataenda.

Hoja ya nne husemwa kwa sauti ya chini: "Hayo ni mambo ya nyumbani, waombewe tu." Maombi ni mazuri, na pasta wengi ndio washauri wa kwanza tulio nao. Lakini ukimya umetuumiza. Kwa miaka mingi sheria yetu ya jinai, kifungu cha 226, ilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Familia ilikuwa inaficha, maana ukimpeleka hospitali unaogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hiyo ni habari inayofaa kusemwa kwa kila baraza la chifu, kwa sababu kuna nyumba bado zinaficha.

Sasa mtaniuliza, "Kijana, tutafanya nini na madaktari wa akili hawapo?" Swali zuri.

Kule Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kusikiliza watu. Wanaketi na mtu kwa benchi la mbao nje ya zahanati, anaeleza shida zake, wanachagua moja na kutafuta hatua ya kwanza. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa kwa benchi hilo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hata si lazima twende mbali. Majirani zetu Makueni wamewahi kufunza wauguzi, wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua dalili na kumpeleka mtu zahanati. Ni Wakamba kama sisi.

Sisi hapa tuna nini? Tuna CHP wanaozunguka nyumba hadi nyumba tangu mpango ule wa 2023. Tuna wastaafu wenyewe. Tuna vyama vya akina mama. Kinachokosekana ni mafunzo, chumba chenye faragha, na mstari mmoja kwa bajeti ya kaunti.

Kwa hivyo mgombea yeyote akija hapa, wa rangi yoyote, msimuulize kama anawapenda wanajeshi. Wote watasema ndiyo. Muulizeni haya:

1. Ni CHP wangapi wa wadi hii utawafunza ushauri nasaha, na kufikia lini?
2. Mke au mtoto wa soja anaweza kuja peke yake, hata kama mwenyewe amekataa?
3. Pesa ziko kwa ukurasa gani wa bajeti?
4. Mambo yakizidi zahanati, ni nani anampeleka hospitali kubwa, na kwa gari gani?

Akijibu mawili kati ya hayo kwa namba na tarehe, huyo amefanya kazi ya nyumbani. Akianza kuimba wimbo wa taifa, mpigieni makofi, halafu mrudie swali la kwanza.

Mzee aliyeinua mkono pale nyuma, karibu, anza wewe.