Kufuli Lililokwisha Kufungwa



Abiria wa matatu atokaye Kitale kwenda Bungoma aweza kufika Kiminini, mara ajiulize: je, nilifunga mlango? Wengi wetu huwaza hivyo, kisha huendelea na safari. Lakini yuko anayeshuka na kurudi nyumbani. Analishika kufuli, anaona limefungwa, anapata nafuu ya dakika chache. Kabla hajafika tena barabarani shaka imekwisha kurudi. Na kila arudipo kuhakikisha, shaka hupata nguvu zaidi, maana moyo wake umejifunza kwamba pasipo kurudi hakuna amani.

Yuko na mwingine ambaye kufuli lake ni toba. Jana aliungama dhambi, leo anaungama ileile, kwa kuogopa kwamba hakuisema sawasawa. Au wazo la kumtukana Mungu linamjia katikati ya sala. Analichukia, lakini haliondoki, wala hathubutu kumwambia mtu.

John Bunyan, aliyeandika Safari ya Msafiri, aliyajua mateso hayo. Katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1666, asimulia jinsi wazo la kumwuza Kristo lilivyomwandama mchana na usiku, hata alipokuwa akila au akichanja kuni. Akajibu hapana, hapana, huku akisukuma kwa mikono na viwiko kana kwamba adui amesimama mbele yake. Alijibu, nalo likarudi.

Madaktari wanautambua ugonjwa huu, nao una matibabu. Ziko dawa, na yako mazoezi ya kuiacha shaka ipite bila kuitii, mtu akisaidiwa polepole. Si lazima tutafute pepo. Wala Mathayo 6, mstari wa 7, haukuandikwa ili tumkemee mgonjwa.

Tazameni ibada yetu ya Sala ya Asubuhi. Tunaungama mara moja, kasisi anatangaza ondoleo, kisha tunaendelea na Sala ya Bwana na Zaburi. Hakuna asimamaye kuuliza kama neno moja lilirukwa.

Basi, mzee wa kanisa, ndugu akikujia mara ya tano kwa toba ileile, usimwongoze tena katika sala ya toba. Ukifanya hivyo unamshusha garini pale Kiminini. Keti naye, mnywe chai, mzungumze habari za shamba mpaka hofu ipungue. Na kesho yake umsindikize hospitali.