Viwavi wa Bustani na Dawa ya Pamba



Mkulima wa pamba wa Mwanza hahitaji kufundishwa madhara ya funza wa vitumba. Linalosahauliwa ni kwamba funza huyo huyo ndiye atoboaye nyanya katika bustani za kando ya Ziwa Victoria. Nondo wake hutaga yai moja moja juu ya majani machanga na maua. Baada ya siku chache yai huanguliwa, na kiwavi huingia ndani ya tunda. Akishaingia, dawa haimpati tena, humpata mlaji.

Kabichi na sukuma wiki zina adui mwingine, kiwavi mdogo wa kijani asiyefikia sentimita moja na nusu. Hula jani upande wa chini, akiacha ngozi nyembamba ya juu mfano wa kioo. Akiguswa hujinyonganyonga na kujiangusha kwa uzi mwembamba. Katika nchi nyingi amekwisha kuzoea dawa za aina nyingi, hata hafi.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni jicho la mkulima. Mara mbili kwa wiki apite bustanini, ageuze majani ya mimea ipatayo 20 huku na huko. Mayai na viwavi wachache wapondwe kwa vidole. Nyanya zilizotobolewa zichumwe na kufukiwa. Baada ya mavuno visiki vya kabichi ving'olewe na kuchomwa, kama yafanywavyo masalia ya pamba; wala kabichi isifuate kabichi katika tuta lile lile.

Wadudu wakizidi, itumike dawa iliyosajiliwa kwa mboga, na siku za kungojea kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa zitimizwe. Hatari kubwa ni dawa ya pamba iliyobaki stoo kupelekwa bustanini. Pamba huvaliwa, kabichi huliwa na watoto.

Tena bomba lisioshwe ziwani, kwa maana dawa nyingi za wadudu huua samaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka hifadhi ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Ni wajibu wa kila katibu kuandika katika daftari la stoo kila chupa itokayo, jina la mwanachama aliyeichukua na zao alilokusudia. Aombaye dawa ya pamba kwa ajili ya mboga asipewe, hata akiwa mjumbe wa kamati.