Injini Zilizopakwa Grisi

Julai 1916, vitani, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao ya mvuke, Graf von Goetzen, karibu na Kigoma, adui wasiipate. Lakini kwanza mafundi walizipaka injini grisi nene. Ajabu, kuzamisha huku unatunza! Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, injini zikaonekana zafaa bado, na mwaka 1927 ikarudi Ziwa Tanganyika kwa jina Liemba.

Nasi hapa Adams Arcade tunao vijana tuliowaandaa kwa kipaimara, na sasa hatuwaoni kanisani. Tumekwisha kuwahesabu kuwa wamezama. Je, Neno tulilowapaka limeoshwa lote? Someni 2 Timotheo 1:14. Kisha usiku huu tuwaombee kwa majina, tukianza na yule tuliyekwisha kumkatia tamaa.